Injini ya Boti Katika Kaunti Kavu: Kuinunua na Kuitunza

Mazungumzo kwa kamati za maafa na vikundi vya vijana wa vijiji vya kando ya Ewaso Nyiro



Wapo watakaocheka wakisikia habari za injini ya boti Isiolo, kaunti inayojulikana kwa ngamia, vumbi na foleni ya mitungi kisimani. Lakini mkazi wa Merti, Garbatulla au Sericho hacheki. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo na mifugo ikafa. Kisha, mwisho wa 2023, mvua za El Niño zikaja kwa kishindo. Ewaso Nyiro ukavunja kingo, barabara zikakatika, na familia zilizokuwa zikililia maji zikazingirwa na maji.

Mto huu una tabia yake. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita Archers Post, kisha hushuka Merti na Sericho hadi kinamasi cha Lorian. Kwa hiyo unaweza kufurika Merti huku jua likiwaka na ardhi ikiwa kavu. Machi 2010, maji ya namna hiyo yalisomba kambi za watalii katika hifadhi za Samburu na Buffalo Springs.

Makasia peke yake hayatoshi kushindana na mkondo wa mafuriko. Ndiyo maana kikundi kinachotaka kuwa na boti la uokoaji huuliza kwanza habari za injini. Lakini injini ya Waso haina maisha sawa na ya mvuvi wa Ziwa Turkana. Ya mvuvi hufanya kazi kila siku, na ikiugua anajua siku hiyohiyo. Ya hapa italala miezi kumi au zaidi, halafu asubuhi moja itatakiwa iwake mara moja, mto ukinguruma na watu wakiwa juu ya miti. Kinachoiua injini ya namna hii ni kulala bila kuangaliwa, wala si wingi wa kazi. Ushauri wote unaofuata unatokana na jambo hilo.

Kabla ya kutoa pesa

Pima boti kwanza, ndipo uchague injini. Maboti mengi ya kiwandani yana kibao kinachoonyesha nguvu ya juu inayoruhusiwa. Injini kubwa kupita kiasi hulielemeza boti nyuma, na maji yakaingia. Pima pia kimo cha ubao wa nyuma ambapo injini hufungwa. Injini za shafti fupi hufaa ubao wa karibu sentimita 38, na za shafti ndefu karibu sentimita 51. Shafti ikiwa fupi mno, propela huchota hewa badala ya maji. Ikiwa ndefu mno, hugonga mchanga na magogo, na Ewaso Nyiro una vyote viwili.

Fikiria uzito. Siku ya mafuriko gari huenda lisifike ukingoni, na injini itabebwa begani. Injini ya nguvu ya farasi 15 ya mipigo miwili huwa na karibu kilo 36. Ya mipigo minne yenye nguvu hiyohiyo huwa nzito zaidi. Ya mipigo minne hutumia petroli kidogo na haihitaji petroli kuchanganywa na oili. Ya mipigo miwili ni nyepesi na rahisi kufunguliwa na kutengenezwa. Zote mbili hufaa, mradi fundi na vipuri vyake vinapatikana.

Chagua injini inayowashwa kwa kuvuta kamba. Betri ikikaa miezi bila kuchajiwa hufa, na itagundulika imekufa siku ya shida.

Muulize muuzaji swali moja kabla ya bei: impela yake inauzwa wapi? Impela ni gurudumu dogo la mpira linalovuta maji ya kupoza injini. Maji ya mafuriko yaliyojaa mchanga huila upesi. Kama kipuri hicho hakipatikani nchini, injini hiyo iachwe hata ikiwa rahisi. Pamoja na injini, nunua impela ya akiba, plagi, kamba ya kuwashia, pini ya propela ikiwa aina hiyo inaitumia, na chujio la mafuta. Kitabu cha maelezo kisipotee.

Injini kuukuu isinunuliwe kwa kutazamwa rangi. Fungua oili ya gia: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Iwashwe ndani ya pipa la maji mbele ya mnunuzi. Tundu dogo la pembeni lazima liteme maji muda wote injini inapofanya kazi. Lisipotema, injini haipozwi. Dai stakabadhi yenye namba ya injini, ili kikundi kisinunue mali ya wizi. Ulizeni pia Mamlaka ya Usafiri wa Majini nchini, KMA, kuhusu usajili na ukaguzi wa chombo, na kuhusu sifa za nahodha.

Kuitunza kiangazi

Petroli iliyokaa huharibika. Ndani ya kabureta huacha utando kama gundi unaoziba vitundu vidogo, na hiyo ni sababu ya kawaida ya injini iliyolala kukataa kuwaka. Kwa hiyo, kila mara kabla ya kuiweka, chomoa mpira wa mafuta na uache injini iendelee hadi izime yenyewe. Petroli ya akiba isichanganywe na oili mapema. Ikiwa safi bila oili, inaweza kuuziwa bodaboda kila mwezi na kununuliwa mpya, na kikundi hakipati hasara. Ichanganywe siku ya kazi, kwa kipimo cha kitabu. Kwa injini inayotaka sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, lita 20 huingia mililita 400. Itumike oili ya injini za boti za mipigo miwili. Oili ya gari haifai hapo.

Mara moja kila mwezi, injini iwashwe kwa dakika kumi. Isiwashwe kavu kamwe, hata kwa kujaribu tu, kwa sababu impela huungua ndani ya muda mfupi. Kata pipa, lijaze maji hadi yapite juu ya matundu ya kuvutia maji, weka gia huru, na ufanyie kazi hiyo nje, si ndani ya stoo, maana moshi wake unaua. Maji ni ghali hapa, kwa hiyo pipa lifunikwe na maji yaleyale yatumike mwezi ujao. Yasinyweshwe mifugo, kwa kuwa yana oili.

Injini ikae wima juu ya fremu ya mbao, ili maji yaliyobaki yatoke. Ikae kivulini, ikiwa imefunikwa dhidi ya vumbi, na panya wasipate njia ya kutafuna nyaya na mipira.

Baada ya mafuriko kazi huongezeka. Iwashwe ndani ya maji safi isuuzwe matope. Impela ikaguliwe. Propela itolewe na nyasi au nyuzi zilizojisokota kwenye shafti ziondolewe. Oili ya gia imwagwe na kuwekwa mpya, ikisukumwa kutoka tundu la chini hadi ichomoze tundu la juu, ili hewa isibaki ndani. Injini ikitumbukia mtoni, ifikishwe kwa fundi siku hiyohiyo. Ikisubiri, kutu itaanza kazi.

Nani anawajibika?

Mali ya wote huharibika kwa sababu kila mtu hudhani mwenzake ameiangalia. Kikundi kiteue watu wawili, ili mmoja akisafiri na mifugo mwingine awepo. Wawe na daftari moja: tarehe ya kuwashwa, petroli iliyonunuliwa, kipuri kilichobadilishwa, na sahihi. Fundi wa pikipiki aliye karibu aalikwe mapema, kwa sababu plagi na kabureta si vitu vigeni kwake. Mfuko wa vipuri uchangiwe wakati wa kiangazi. Ukaguzi mkubwa ufanywe kabla ya ganna kuanza Machi, na tena kabla ya hagaya mwezi wa Oktoba. Utabiri wa Idara ya Hali ya Anga ufuatwe, hasa wa mvua za Mlima Kenya.

Mwisho, injini nzuri isimpe mtu kiburi. Aprili 2024, boti lililojaa watu lilizama katika maji ya mafuriko ya Tana karibu na Madogo, na watu wakapoteza maisha. Idadi ya watu isizidi uwezo wa boti, na kila mmoja avae jaketi la kuokoa maisha kabla ya kupanda. Nahodha ajifunge kamba ya kuzimia injini, ili akianguka izime yenyewe. Akimkaribia mtu aliye majini, azime injini, maana propela haichagui mkono wala mguu. Usiku, au mkondo ukibeba miti mizima, boti libaki ukingoni na msaada uombwe. Msalaba Mwekundu hupatikana bila malipo kwa nambari 1199.

Siku ya mafuriko hakuna atakayeuliza injini ilinunuliwa kwa shilingi ngapi. Watauliza tu kama inawaka. Jibu la swali hilo huandikwa katika daftari, mwezi baada ya mwezi, wakati mto ni mchanga mtupu na hakuna anayeuwaza.