Ngoma ya Breki Iliyoganda: Subira Huokoa Chuma na Uhai

*Maelezo yaliyotolewa kwa wamiliki, waendeshaji na mafundi wa matrekta kuelekea msimu wa kilimo*



Matrekta ya zamani bado yanalima vijijini. Miongoni mwao ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Uimara wa injini yake huwadanganya wengi. Trekta linalokwenda vizuri si salama iwapo haliwezi kusimama.

Breki zake ni mbili, zote za nyuma, na kila moja ina pedali yake. Shambani mwendeshaji hukanyaga pedali moja ili kukata kona. Barabarani zote mbili hufungwa pamoja. Upande mmoja ukishika na wa pili ukigoma, huku tela la mahindi likisukuma kutoka nyuma mteremkoni, trekta huvutwa upande na linaweza kupinduka. Kwa sababu hiyo, matengenezo ya breki hayangoji mavuno yaishe.

Kikwazo cha kwanza huwa ni ngoma yenyewe. Trekta lililokaa mvuani bila kazi huota kutu, na ngoma huganda. Hapo ndipo fundi mwenye haraka huchukua nyundo kubwa. Ngoma imetengenezwa kwa chuma cha kusubu, ambacho ni kigumu lakini hakipindi: kikipigwa ukingoni hupasuka. Kazi ya siku mbili hugeuka msako wa kipuri huku mvua zikianza.

Kabla ya yote, trekta lisimamishwe mahali tambarare na magumu. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari, na ekseli ya mbele izuiwe kwa vipande vya mbao ili trekta lisilale upande. Jeki ni ya kuinulia tu. Uzito ubebwe na stendi imara. Gurudumu la nyuma ni zito, na likiwa limejazwa maji huwa zito zaidi, kwa hiyo lisitolewe na mtu mmoja.

Hatua inayofuata husahauliwa mara nyingi: breki ya mkono ifunguliwe, gia iwe huru, na kirekebishi cha breki kilegezwe kwa bisibisi kupitia tundu lililo nyuma ya breki. Kisha ngoma ijaribiwe kuzungushwa. Ikizunguka lakini haitoki, imeshikwa na kutu pale inapokaa kwenye habu, au ukingo uliobaki ndani baada ya ngoma kulika unakwama kwenye breki shuu. Isipozunguka kabisa, huenda lainingi zimegandana na ngoma. Fundi anayejua ilipokamatwa hapigi ovyo.

Skrubu mbili zinazoishikilia ngoma zisafishwe na kulegezwa. Zikigoma, zigongwe kidogo kwanza. Zikikataa kabisa, vichwa vyake vitobolewe kwa drili. Mafuta ya kulegeza kutu yapakwe kuzunguka habu na bolti za gurudumu, kisha yaachwe usiku kucha. Asubuhi, ngoma igongwe polepole kwa kipande cha mbao na nyundo, kwa zamu pande zote. Baadhi ya ngoma zina matundu mawili yenye nyuzi: bolti huingizwa humo na kukazwa robo mzunguko kila moja, kwa zamu, mpaka ngoma isogee. Pula nayo ikazwe kwa utaratibu huo huo.

Moto ni njia ya mwisho. Mafuta yote yafutwe kwanza, joto lisambazwe sawasawa kuzunguka ngoma, na lisikaribie sili wala tangi la dizeli. Kizima moto kiwe karibu.

Ngoma ikitoka, vumbi lililo ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lilowanishwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa hicho kifungwe na kutupwa mbali na watoto.

Lainingi zikikutwa zimelowa oili, sili ya ekseli imechoka. Kubadilisha lainingi peke yake ni kupoteza fedha. Lainingi zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja. Kutu isuguliwe kwenye habu, na grisi nyembamba ipakwe hapo tu, isiguse sehemu ya kushikia.

Mwisho, breki zirekebishwe zilingane, kisha trekta lijaribiwe polepole mahali tambarare, pedali zikiwa zimefungwa pamoja, bila tela. Likivuta upande, kazi haijaisha.

Mwenda pole hajikwai. Usiku mmoja wa kusubiri mafuta yapenye ni gharama ndogo kuliko ngoma iliyopasuka, na ni ndogo zaidi kuliko msiba mteremkoni.