Afya ya Msafiri Avukaye Mpaka wa Sirari



Mwanachama atokaye Sirari kwenda Isebania huona kama anavuka barabara tu, kwa kuwa ndugu zake wako pande zote mbili. Ndiyo maana wengi hupita njia za panya, wakidhani kuwa meza ya afya ya mpakani haiwahusu. Hilo ni kosa kubwa.

Homa ya manjano huenezwa na mbu, nayo haina dawa ya kuiponya. Mgonjwa hutunzwa tu hadi mwili ushinde au ushindwe. Mwaka 2022 Kenya ilitangaza mlipuko wake katika kaunti ya Isiolo. Kinga ipo, nayo ni sindano moja. Tangu Julai 2016 cheti chake hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenye nacho, si miaka 10 kama zamani. Lakini huanza kukubaliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Basi achanjwaye asubuhi ya safari amekwisha kuchelewa. Wako pia wanaonunua kadi bila kuchanjwa, kana kwamba mbu hukagua kadi!

Kuhusu tumbo, maji yachemshwe. Msafiri akiharisha, achanganye lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo huku akielekea zahanati. Chumvi isizidi, hasa kwa mtoto.

Anayetumwa na chama amwachie Katibu jina la mahali atakapolala na siku ya kurudi.