Deni la Mahamri

Neno la shukrani lililotolewa na mshirika wa Mombasa katika ibada ya kumbukumbu ya ushirika wetu

Wapendwa mliovuka mpaka kutoka Tanzania na Uganda, na ninyi wa hapa Kenya, karibuni.

Nimeombwa niseme machache juu ya kukaa. Wengi wenu mlisoma Mombasa, mkaondoka, na Bwana akawabariki huko mliko. Mimi nilikuja kusoma mwaka 1992, na bado nipo. Tukikutana mwaniuliza, "Ndugu, wewe hujahama tu?" Leo nitajibu.

Chuo chetu pale Tudor mnakijua. Kilianza kikiitwa MIOME, chuo cha ufundi kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Sisi tulikikuta ni Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na 2013 kikawa Technical University of Mombasa. Nyumba za zamani za Buxton, tulizozipita usiku tukienda mkesha, zimebomolewa na maghorofa yamesimama. Reli mpya ilipofunguliwa 2017, stesheni ikawa Miritini, makontena yakapanda treni kwenda Nairobi, na ndugu zetu wengi wa malori na wa yadi wakakosa kazi. Wakarudi kwao bara. Jumapili nilikuwa nahesabu viti vitupu, na nilivunjika moyo, sitawaficha.

Lakini turudi 1992. Mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia vita Somalia. Wabajuni walifika kwa vyombo vya baharini kutoka visiwa vya kusini mwa Kismayo: Chovai, Koyama, Ngumi, Chula. Njiani kwenda chuo alikaa mama mmoja wa Chula akiuza mahamri na mbaazi. Tulimwita Mama Chula. Yeye Muislamu, sisi walokole, na pesa zikituishia tulikula kwake kwa mkopo. Alikuwa mkimbizi anayelala kambini, na ndiye aliyetulisha sisi wenye nchi!

Nilipomaliza masomo, ndugu mmoja aliniita Dar es Salaam kwenye kazi nzuri. Nikamwambia Mama Chula, "Mama, naondoka. Mji huu umenichosha."

Akanitazama, akasema, "Mwanangu, kama umeitwa, nenda na Mungu akuongoze. Lakini usiuache mji kwa kuwa umekuchosha. Mimi Chula haikunichosha."

Hakusema zaidi. Nilirudi chumbani nikaomba, na nikaona wazi kwamba mimi sikuitwa. Nilikuwa nakimbia kodi ya nyumba na upweke. Basi nikabaki.

Kambi za Mombasa zilifungwa miaka ile ya tisini mwishoni. Wabajuni wengine walirudishwa visiwani, wengine wakatawanyika. Siku niliyopata mshahara nilikwenda na pesa zake mkononi, nikakuta pale mahali pake pametupu. Sikumuaga. Deni la mahamri sijamlipa mpaka leo, na sijui kama alifika Chula salama.

Wapendwa, someni tena Yeremia 29. Barua ile waliandikiwa watu waliohamishwa kwa nguvu, nao wakaagizwa wajenge, wapande, na wauombee heri mji ambao hawakuuchagua. Mama Chula hakuwahi kuisoma pamoja nasi, lakini niliiona kwake kila asubuhi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Nakaa kwa sababu nina deni. Kila mwaka mpya wa masomo, watoto wanashuka na masanduku yao, hawamjui mtu. Nyumbani kwetu Jumamosi kuna chai na mahamri, na hatuulizi mtoto ni wa dhehebu gani wala dini gani. Mke wangu husema tumelisha chuo kizima!

Ninyi mlioitwa mkaenda, msijilaumu. Ila nawaomba jambo moja: kila tawi, Arusha, Kampala, popote, liwe na angalau nyumba moja ambayo mgeni akifika ataelekezwa. Na ukiwa unafunga mzigo leo, jiulize kwanza: nimeitwa, au nimechoka?

Na kama kuna anayejua njia ya kufikisha salamu Chula, anione baada ya ibada.

Mungu awabariki. Amina.