Hotuba ya Mwenyekiti: Kazi za Siku Nazo Zina Ngitili Yake

Miaka kumi si mchezo. Hesabu za hisa mtazisoma kwa katibu. Mimi nina jambo moja tu: kupanga kazi.

Mnakumbuka mwaka wa kwanza. Kikao ni saa tisa, watu wanafika saa kumi na moja. Sanduku lina kufuli tatu, na siku hizo ufunguo mmoja nilikaa nao mimi. Nikichelewa, wote mnakaa. Na nilichelewa kuliko wote! Naenda lamboni kuchota maji, narudi, nakumbuka nguo za kufua, natoka tena njia ileile.

Siku moja mwenzetu alitaka mkopo ampeleke mtoto hospitali. Alinisubiri mpaka jua likazama, akaenda kwa mkopeshaji wa riba. Kulipa, aliuza mbuzi wawili. Hakunisema neno, lakini sikulala.

Nilimweleza mama mkwe. Akaniuliza, "Mwanangu, ngitili tunaifunga lini?"

Nikasema, "Mvua zikianza, mama, majani yakiwa yanaota."

"Mbona hatungojei kiangazi?"

Nikanyamaza.

"Basi na saa zako ni hivyo hivyo. Zifunge mapema, ng'ombe wasiingie."

Ndugu zangu, ngitili tunazijua. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, Shinyanga ilikuwa karibu jangwa. Wazee walirudia kufunga malisho, miti ikarudi. Hakuna aliyeongezewa shamba. Ni kupanga tu. Na siku haina saa za kuongezewa.

Tangu hapo, kila jioni nataja kazi tatu za kesho. Palizi ni ya asubuhi na mapema. Kuchambua pamba ni kazi ya mchana, kivulini. Nikienda lamboni nafua hukohuko, narudi na maji. Vijana wa kiume nao wanachota, mkono haudondoki. Siku ya kikao, kuanzia saa nane ni ngitili: haliingii jambo ila msiba au ugonjwa.

Ufunguo nilimkabidhi mwenzangu, na faini ya kwanza ya kuchelewa nililipa mimi. Tangu tufungue saa tisa kamili, hakuna mwanachama aliyelala na mgonjwa akitungoja sisi.

Leo jioni, kabla ya kulala, nawe taja zako tatu.

Umoja wetu udumu!