Tufike kila mlango kwa ajili ya taka, siyo kura peke yake

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*

Ndugu mwanachama, haya ni maneno aliyoyasema Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama uliofanyika Kilosa mjini, mbele ya wenzetu waliotoka Mikumi. Yanatumwa hapa kwa sababu wengi walikuwa shambani. Soma, kisha msomee na jirani asiye na simu.

*MANENO YA KATIBU*

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, wajumbe wa Halmashauri Kuu ya Tawi, viongozi wa jumuiya zetu, mabalozi wa mashina, wageni wetu kutoka Mikumi, ndugu wanachama. Itifaki imezingatiwa.

Nimepewa dakika chache nizungumzie kujitolea katika usafi wa mji, na hasa hili jambo linaloitwa taka sifuri. Najua wengine wakisikia neno hilo wanasema huo ni mradi wa watu wa Dar es Salaam. Naomba mnisikilize kwanza. Taka sifuri haina maana kwamba hakuna mtu atakayetupa kitu. Maana yake ni kwamba kila kinachoweza kutumika tena kitumike, kinachoweza kuoza kirudi shambani, kinachoweza kuuzwa kiuzwe, na kile kinachobaki cha kupeleka dampo kiwe kidogo, na mwaka hadi mwaka kizidi kupungua. Umoja wa Mataifa umeitengea kazi hii siku yake, tarehe 30 Machi, na ilianza kuadhimishwa mwaka 2023. Lakini kazi yenyewe haisubiri maadhimisho. Inaanzia jikoni.

Ndugu wanachama, kufanya usafi kwa pamoja siyo kitu kigeni kwetu. Tarehe 9 Desemba 2015 siku ya Uhuru haikuwa na gwaride. Rais John Magufuli aliagiza Watanzania wote washike mafagio. Baada ya hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi wa pamoja, na tawi letu limekuwa likitoka. Nawapongeza wote wanaotoka.

Lakini tujiulize tunafanya nini siku hiyo. Tunafagia, tunakusanya rundo, tunalichoma moto au tunaliacha pembeni ya barabara, tunapiga picha, tunaituma kwenye kundi, tunarudi nyumbani. Ikifika Jumatano pale pale pamejaa tena. Sababu ni moja: ile Jumamosi tunashughulika na kilichokwisha kutupwa, wakati anayetupa yuko nyumbani na hakuna aliyezungumza naye. Na huo moto tunaowasha, mkumbuke kuna plastiki ndani yake. Moshi wa plastiki ni sumu, na wa kwanza kuuvuta ni mtoto wa nyumba ya pili.

*Kwa nini Kilosa*

Sisi wa Kilosa tunakaa kando ya Mto Mkondoa, na maji hatuhitaji kuhadithiwa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto ulipobomoa tuta, watu walipoteza nyumba na mazao, familia zikahamia kwenye mahema, na reli ya kati ikakatika kati ya hapa na Gulwe hata treni za abiria zikasimama kwa miezi. Januari 2014 maji yakarudi upande wa Dumila na Magole, na barabara ikakatika pale darajani.

Sitasimama hapa niseme taka ndizo zilizobomoa tuta. Huo utakuwa uongo. Mafuriko makubwa yanatoka milimani, na tiba yake ni matuta imara na misitu huko juu. Lakini maji ya mvua ya hapa hapa mjini yanategemea mitaro yetu, na mtaro uliojaa chupa na viroba hauwezi kuyatoa. Hiyo sehemu iko mikononi mwetu, sisi wa Magomeni, Mbumi, Kasiki na Mkwatani. Na chupa ambayo haikuziba mtaro haijapotea. Inaingia Mkondoa, Mkondoa inaingia Wami, na Wami inakwenda kumwaga baharini upande wa Saadani. Mvuvi wa huko anapokea taka za mtu asiyemjua.

*Kwa nini Mikumi*

Wenzetu wa Mikumi wana jambo lao. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilometa za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya hadi Zambia inaikata kwa karibu kilometa 50. Mabasi na malori yanapita usiku na mchana. Abiria anatupa ganda la ndizi, mwingine mfuko wa chipsi, mwingine chupa. Nyani wamekwisha kujifunza kuisubiri barabara, na mnyama anayesubiri barabarani mwisho wake tunaujua. Mfuko wenye harufu ya chakula, kwa mnyama ni chakula, na ukishaingia tumboni haumeng'enyeki.

Mtasema wanaotupa ni abiria, siyo sisi. Ni kweli kwa upande mmoja. Lakini hizo chips, hayo mahindi ya kuchoma na hayo maji anayanunua wapi? Mengine anayanunua stendi kwetu, kwa vijana wetu na mama zetu. Na taka za chakula zinazomwagwa nyuma ya hoteli na vibanda, jirani na pori, ni mwaliko kwa wanyama kuingia mjini. Mji wa Mikumi unakula kwa sababu ya hifadhi. Kuichafua ni kumwaga mchanga kwenye ugali wetu wenyewe.

*Wenzetu wamefanyaje*

Kule Dar es Salaam, kata ya Bonyokwa, shirika la Nipe Fagio lilianzisha mfumo wa taka sifuri pamoja na wananchi. Utaratibu wake hauna maajabu. Kila kaya inatenganisha taka. Wakusanyaji wa pale pale mtaani, waliojiunga katika ushirika, wanapita nyumba kwa nyumba. Taka za jikoni zinageuzwa mboji. Zinazouzika zinauzwa. Kinachobaki ndicho kinachokwenda dampo. Na kwa kuwa katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani, mkitoa hayo peke yake mzigo unapungua nusu kabla gari halijafika.

Kinachobeba mfumo ule siyo mashine. Ni watu waliokwenda mlango kwa mlango, wakaeleza, wakarudi wiki iliyofuata kuangalia, wakaeleza tena bila kuchoka.

Sasa, ndugu zangu, nani hapa Kilosa na Mikumi ana watu wanaofika kila mlango? Ni sisi. Tuna mashina. Balozi anajua nani kahamia, nani mgonjwa, nani kajifungua. Ukifika wakati wa kampeni tunazijua nyumba zote, hata ile ya mwisho kule bondeni. Kura zikishahesabiwa, mlango ule hatuukumbuki tena kwa miaka mitano. Wananchi wanaliona hilo na wanalisema, na sisi tunalisikia kwenye vijiwe. Ombi langu la leo ni moja: mtandao unaofika kila mlango kutafuta kura, ufike kila mlango kwa ajili ya taka.

*Masharti ya kujitolea*

Kwanza, tunakwenda bila sare za Chama na bila bendera. Taka za mpinzani na taka zetu zinaziba mtaro mmoja. Mtu akiona sare atadhani tumekwenda kumhesabu, na atafunga mlango. Asiulizwe mtu kadi yake wala alimpigia nani kura. Jirani wa chama kingine akitaka kuungana nasi, apewe reki na akaribishwe.

Pili, hakuna posho. Anayesubiri posho aseme mapema, tusilaumiane. Fedha zitakazochangwa ni za glavu, viatu vya mvua, reki na koleo, na zitasomwa hadharani kila mwezi.

Tatu, tusimnyang'anye mtu riziki. Kuna akina mama wanaofagia kwa malipo, na kuna vijana wanaookota chupa na vyuma na kuviuza kwa kilo. Hao wameanza kazi hii kabla yetu na wanaijua kuliko sisi. Chupa zikitenganishwa, wapewe wao. Na tuache tabia ya kuwaita majina.

Nne, kujitolea kwetu hakuifuti kazi ya mamlaka. Mwanachama mmoja ameniuliza asubuhi hii: ushuru wa taka tunatozwa, kwa nini tena tukazoe wenyewe? Swali lake ni la haki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu na kuzipunguza. Wajibu huo unabaki pale pale. Sisi tunachukua sehemu ambayo gari la taka haliwezi kuifanya, yaani kutenganisha jikoni na kumshawishi jirani. Na kila shina litakuwa na daftari: nyumba ngapi zinatenganisha, gari lilipita lini, mtaro gani umeziba. Tukikaa na mtendaji wa kata au diwani tutakwenda na daftari, siyo na manung'uniko. Na kiongozi akiwa wa Chama chetu, tumwulize vile vile tungemwuliza wa chama kingine. Tusipofanya hivyo, kujitolea kwetu kutakuwa pazia la kufunika uzembe.

*Tufanye nini kuanzia wiki hii*

1. Kila nyumba iwe na ndoo mbili. Moja ya vinavyooza: maganda, mabaki ya ugali, majani. Nyingine ya vikavu: chupa, makopo, karatasi, maboksi. Vioo, betri na sindano viwekwe kando, mbali na watoto.

2. Mwenye uwanja achimbe shimo la mboji. Weka majani makavu, kisha maganda mabichi, kisha samadi kidogo, nyunyiza maji, rudia. Funika. Pindua kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi miwili au mitatu una mbolea ya mchicha na mahindi ambayo hukuinunua. Asiye na uwanja aungane na jirani.

3. Kila shina litoe mtu mmoja wa kujitolea, siyo lazima balozi. Kazi yake ni kupita nyumba zote za shina mara moja kwa wiki, kwa adabu, na kujaza daftari.

4. Mikumi waanze na stendi. Wauzaji wakubaliane kuweka mapipa, na anayemuuzia abiria amwambie neno moja tu: ndugu, usitupe porini.

5. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Kuitumia tu kuna faini isiyopungua shilingi 30,000 na inayoweza kufika 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Lakini tunaona vifungashio laini vimegeuzwa mifuko sokoni. Mwanachama aende sokoni na kikapu chake. Huwezi kumfundisha jirani huku nyanya zako zimening'inia kwenye plastiki.

6. Vijana na akina mama wanaotaka kuifanya kazi hii iwe ajira waunde kikundi na kukisajili. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi cha kukusanya taka au kutengeneza mboji kiombe kama vinavyoomba vikundi vingine, na kijue kwamba mkopo unarudishwa.

Kuna taka ambazo hata tukifanya yote haya zitabaki. Pampasi hazina mnunuzi. Vipakiti vya sabuni na vya karanga havina mnunuzi. Hizo zitaendelea kwenda dampo mpaka wanaozitengeneza watakapobanwa, na hilo ni la kulipeleka juu kupitia vikao vyetu. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani ndoo mbili zinamaliza kila kitu. Zinamaliza sehemu kubwa, na hiyo sehemu kubwa ni yetu.

Ndugu wanachama, hatuombi mashina yote yaanze kwa siku moja. Tunaomba mashina matatu hapa Kilosa na mawili Mikumi, yatakayojitokeza yenyewe, yafanye kwa miezi mitatu. Tutakutana, tutafungua madaftari, tutaona nyumba ngapi ziliendelea na ngapi ziliacha, na kwa nini. Baada ya hapo tutaamua hatua inayofuata. Jumamosi ya mwisho wa mwezi itaendelea kama kawaida, lakini safari hii picha tutakazopiga ziwe za shimo la mboji na mtaro unaopitisha maji.

Mvua hazituulizi kama tumemaliza vikao.

*Katibu wa Tawi*

_Shina lililo tayari lijitaje kwa Katibu au kwa balozi wake kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Mabalozi, tafadhali sambazeni ujumbe huu kwenye makundi ya mashina._