Taa ya Injini Imewaka: Uliza Kabla ya Kununua Spea



Asubuhi moja unawasha gari, na taa ya manjano yenye umbo la injini haizimiki. Fundi anachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, na baada ya dakika chache anatoa hukumu: sensa ya oksijeni imekufa. Unakwenda Kariakoo, unanunua sensa, inafungwa, taa inazimwa, unalipa. Siku ya tatu taa inawaka tena. Fedha zimekwenda na ubovu umebaki. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu namna ya kuiepuka hasara hiyo.

Ni vyema tufahamu kwanza mashine ile husoma nini. Kompyuta ya gari inapoona jambo lisilo la kawaida, huliweka katika kumbukumbu kwa msimbo, kwa kawaida wa herufi moja na tarakimu nne. Msimbo P0171, kwa mfano, husema kwamba hewa inayoingia kwenye injini ni nyingi mno ikilinganishwa na petroli. Hausemi ni kwa nini. Huenda mpira wa hewa umepasuka, sensa ya kupima hewa imechafuka, au pampu ya petroli imechoka. Sensa ya oksijeni nayo yaweza kuharibika, lakini mara nyingi hapa imeleta habari tu. Na wahenga walisema mjumbe hauawi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua spea, mwombe fundi mambo matatu.

Kwanza, akuonyeshe msimbo wenyewe, nawe uuandike au uupige picha kabla haujafutwa. Kuufuta hakutengenezi gari. Huondoa ushahidi, pamoja na kumbukumbu za hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea.

Pili, akueleze ni kipimo gani kilichothibitisha kwamba kifaa hicho ndicho kibovu. Msimbo P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi. Katika gari ambalo kila silinda ina koili yake, fundi anaweza kubadilishana koili ya silinda ya kwanza na ya pili, kisha akafuta msimbo na kuliendesha gari. Ukija P0302, koili ndiyo mbovu. Ukirudi P0301, koili haina kosa. Achunguze plagi, nozeli na mgandamizo wa silinda. Kipimo hicho hakihitaji kununua spea hata moja.

Tatu, akurudishie kifaa cha zamani, na duka likupe risiti ya EFD inayotaja kifaa ulichonunua. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mtumiaji katika biashara, na maandishi "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hayahalalishi kukuuzia kifaa bandia kwa jina la kifaa halisi.

Usisubiri vipimo pale usalama wa injini unapohusika. Taa hiyo ikiwaka kwa kumetameta, punguza mwendo na usimame mahali salama: injini inamisi sana, na petroli isiyoungua huweza kuharibu masega ya bomba la moshi. Taa nyekundu ya oili au ya joto ikiwaka, simama na uzime injini mara moja.

Kwa anayenunua gari lililotumika, washa swichi kabla ya kuwasha injini. Taa ya injini inapaswa kuonekana, kisha izimike injini inapowaka. Isipoonekana kabisa, huenda imekatwa ili kuficha ubovu.

Fundi anayeijua kazi yake hawezi kuudhika kwa maswali haya, kwa kuwa majibu anayo. Nawe ukiamini kwamba umepotoshwa, wasilisha lalamiko lako ukiwa na picha ya msimbo, risiti na kifaa cha zamani.