MWAMBA ULIPOGEUKA: ISTILAHI ZA MADINI KATI YA MERERANI NA KARIAKOO



1. Utangulizi

Mnunuzi anayeingia katika duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo na kuomba marumaru huletewa vigae vya kuweka sakafuni. Vigae hivyo vimetengenezwa kwa udongo uliosagwa, ukashindiliwa na kuchomwa katika tanuri la kiwandani. Neno marumaru, hata hivyo, lina maana kongwe zaidi. Linahusiana na neno marmar la Kiarabu, ambalo asili yake ya mbali ni Kigiriki, na kwa karne nyingi limetaja jiwe la asili: mwamba wa chokaa uliopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi hadi chembe zake zikajipanga upya na kung'aa. Muuzaji hakosei, na mnunuzi hakosei. Lugha imesogea, nao wamesogea pamoja nayo.

Mhadhara huu unachunguza jinsi Kiswahili kinavyotaja jambo ambalo wanajiolojia huliita metamofizimu, yaani mgeuko wa miamba kutokana na joto, mgandamizo na viowevu vya moto, na jinsi mgeuko huo unavyoathiri mbale za madini pamoja na miamba inayozizunguka. Swali lake ni la kiisimu, lakini majibu yake yana uzito nje ya isimu. Nchini Tanzania leseni ya uchimbaji mdogo ni haki ya raia, na tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kisheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Neno litakaloteuliwa leo kwa ajili ya kitabu cha shule laweza kesho kusomwa mbele ya hakimu katika shauri la mpaka wa kitalu.

2. Jambo lenyewe

Kabla ya kulipa jambo jina, sharti lifahamike. Miamba hugawanywa katika makundi matatu: ile iliyotokana na kuganda kwa uji wa moto, ile iliyotokana na mashapo yaliyorundikana tabaka kwa tabaka, na ile iliyokuwa ya kundi mojawapo kisha ikageuzwa. Mgeuko huanza pale joto linapofikia takriban nyuzi 200 za Selsiasi, na hukoma pale mwamba unapoanza kuyeyuka. Kwa hiyo mwamba hugeuka ukiwa bado mgumu. Hapa ndipo penye kiini cha jambo: vitu vilivyomo kwa sehemu kubwa hubaki vilevile, ila mpangilio wake hubadilika. Chokaa huwa marumaru. Tope la kale huwa shisti yenye matabaka ya kumetameta, na joto likizidi huwa naisi yenye mistari.

Jiji la Dar es Salaam lenyewe halikujengwa juu ya miamba ya namna hiyo. Chini yake mna mchanga, udongo na mawe ya matumbawe. Kilima cha Wazo, ambako saruji imetengenezwa tangu miaka ya 1960, ni chokaa ya matumbawe ambayo haijapitia moto wa ardhini. Anayetaka kuona chokaa iliyopitia moto huo hana budi kwenda bara, kwenye ukanda ambao wanajiolojia huuita Ukanda wa Msumbiji. Ukanda huo unapita Morogoro na Mahenge kusini hadi Simanjiro na Longido kaskazini. Miamba yake ilikandamizwa na kupikwa wakati mabara ya kale yalipogongana, takriban miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita.

Uhusiano wa mgeuko huo na madini ni wa namna tatu.

Kwanza, mgeuko huzaa madini ambayo hayakuwapo. Mabaki ya viumbe yaliyozikwa pamoja na tope hubaki kuwa kaboni, nayo kaboni ikipikwa vya kutosha huwa kinywe. Hii ndiyo asili ya kinywe cha Mahenge, ambacho leo kinatafutwa kwa ajili ya betri. Katika marumaru za Mahenge na za Matombo, Morogoro, alumini na kromu kidogo vilikutana katika joto kali vikazaa yakuti nyekundu. Huko Mererani, katika naisi na shisti zenye kinywe, ilizaliwa zoisaiti ya buluu ambayo rangi yake inatokana na vanadiamu.

Pili, mgeuko huikuta mbale ikiwa tayari ipo, ukaibadilisha. Chembe ndogo za madini ya salfa huungana na kukua. Piriti ikipata joto kali hupoteza sehemu ya salfa yake na kuwa pirotiti, na dhahabu iliyokuwa imefungwa ndani ya piriti bila kuonekana huweza kutoka na kutulia mipakani mwa chembe. Mbale laini huteleza mithili ya unga uliokandwa, ikapungua ubavuni mwa mikunjo ya mwamba na kujaa kwenye migongo yake. Kwa mchimbaji, hiyo ndiyo tofauti kati ya shimo lenye mali na shimo tupu lililo hatua chache tu kutoka hapo.

Tatu, mgeuko husafirisha. Mwamba unapopikwa hutoa maji yaliyokuwa yamefungwa ndani ya madini yake. Maji hayo ya moto, yakiwa na salfa, hubeba dhahabu kupitia nyufa. Geita, ambako mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000, ni mfano mzuri. Miamba ya huko ni mikongwe mno, ya zaidi ya miaka bilioni 2.6, na mingine ina mistari ya chuma. Viowevu vilipofika kwenye chuma, salfa iliacha dhahabu ikashikamana na chuma. Dhahabu, ikiwa imepoteza mbebaji wake, ikabaki palepale. Mwamba mwenyeji, basi, hakuwa chombo tu cha kuwekea mali. Ndio uliomzuia mgeni asipite, nao wenyewe ukabadilika katika tendo hilohilo.

3. Kutaja kinachotenda na kinachotendwa

Istilahi tatu zaweza kuwekwa mezani kwa ajili ya mwamba wa kundi la tatu: mwamba metamofiki, mwamba geu na mwamba geuzi. Ya kwanza ni ya kukopa. Ina faida ya kufanana na istilahi za lugha nyingine, lakini haimwambii chochote mwanafunzi asiyeijua lugha iliyokopeshwa. Mbili zilizobaki zinatokana na mzizi wa Kibantu, na kila moja inaeleza jambo tofauti.

Mofolojia ya Kiswahili ni makini katika suala hili. Kiambishi tamati -zi aghalabu hutaja mtendaji: mlinzi hulinda, mwokozi huokoa, mchokozi huchokoza. Kwa kanuni hiyo, mwamba geuzi ni mwamba unaogeuza vingine. Maana hiyo ingeufaa uji wa moto unaopenya na kuyapika mawe ya jirani. Haiufai mwamba uliopikwa. Umbo geu nalo, katika masikio ya Mswahili, lina harufu ya kigeugeu, yaani mtu asiye na msimamo. Mwamba uliotulia miaka milioni 600 bila kubadilika tena hauwezi kuitwa kigeugeu.

Lugha ina kiambishi kingine, tamati -e, ambacho kwa baadhi ya vitenzi hutaja kinachotendwa: aliyetumwa ni mtume, aliyeteuliwa ni mteule, kilichoumbwa ni kiumbe. Kwa mfano huo, kilichogeuzwa chaweza kuwa -geuze: mwamba mgeuze, miamba migeuze. Umbo hilo ni geni kwa sasa, lakini si geni kwa sarufi. Linahifadhi ukweli wa kisayansi kwamba mwamba huo ni mtendwa, na kwamba mtendaji, yaani joto, mgandamizo na kiowevu, ni kitu kingine kinachopaswa kutafutwa. Mtoto anayefundishwa mwamba geuzi hufundishwa, bila mwalimu kukusudia, kwamba jiwe lilijigeuza au liligeuza majirani. Akifika sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza, hubeba kosa hilo likiwa limefichwa chini ya msamiati mpya.

Zipo pia istilahi zilizofaulu, na kufaulu kwake kuna mafunzo. Kinywe kimeenea katika magazeti, katika hotuba na katika nyaraka za serikali kwa sababu ni kifupi, kina umbo la Kiswahili na hakina mpinzani. Mbale linatumika kwa mwamba wenye madini yanayofaa kuchimbwa, na kamusi zimelipokea. Mwamba mwenyeji nalo linaeleweka papo hapo, kwa kuwa utamaduni wa pwani na wa bara unajua fika kwamba mwenyeji na mgeni hubadilishana vitu.

4. Ushahidi wa Kariakoo

Hoja yaweza kutolewa kwamba wataalamu hawana mamlaka juu ya maneno, kwa kuwa soko huyageuza lipendavyo. Kariakoo yenyewe ni ushahidi wa nguvu ya hoja hiyo na wa mipaka yake.

Baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916, eneo hilo lilitumiwa na kikosi cha wapagazi wa vita kilichoitwa Carrier Corps. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo, wengi wao kwa maradhi na njaa. Maneno mawili ya kigeni yaliingia vinywani mwa watu chini ya mgandamizo mkubwa, yakatoka yakiwa Kariakoo: silabi wazi tupu, irabu ndefu ya mwisho ikigawanywa kuwa silabi mbili ili mkazo upate mahali pake pa kawaida. Nairobi, maneno hayohayo yalitoka yakiwa Kariokor, yenye konsonanti mwishoni. Chanzo ni kimoja, mazingira ni mawili, matokeo ni mawili. Mwanajiolojia huona jambo hilohilo pale tope la aina moja linapokuwa shisti mahali hapa na naisi mahali pale.

Jirani na Kariakoo ipo Gerezani. Wanaisimu wengi hulihusisha neno gereza na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kwenye ngome za pwani maana ikahamia jengo lenye kuta, kisha jengo la kufungia watu. Umbo limebaki karibu na asili, maana imegeuka kabisa. Marumaru nayo imefuata njia hiyo. Na tanzanaiti imezunguka mbali kuliko zote. Jiwe lilipatikana Mererani mwaka 1967. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ililipa jina kutokana na nchi ambayo jina lake lilikuwa na umri wa miaka minne tu. Kisha jina likarudi nyumbani likiwa limevaa tamati ya kigeni, na Kiswahili kikalivisha irabu.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka. Mwamba hauna hiari. Wasemaji wanayo. Soko liliigeuza marumaru kwa sababu halikuhitaji kutofautisha jiwe na kigae; kwa mnunuzi vyote viwili ni sakafu ngumu inayong'aa. Haja ya kutofautisha inapotokea, wasemaji hutofautisha. Anayeweka marumaru ya asili jikoni hugundua upesi kwamba maji ya limau huikwangua, kwa kuwa ndani yake mna chokaa, ilhali kigae cha udongo hakidhuriki. Hapo husikika marumaru ya asili na marumaru ya kigae. Soko limeunda istilahi mbili pasipo kamati yoyote, kwa sababu kulikuwa na hasara ya kukwepa.

5. Hitimisho

Katika uchimbaji hasara ni kubwa kuliko sakafu iliyochafuka. Mchimbaji mdogo asiyeweza kusoma mwamba mwenyeji huchimba kwa kubahatisha, na asiyeweza kusoma taarifa ya mjiolojia humtegemea anayeweza, ambaye mara nyingine ndiye mnunuzi wa mbale yake. Vumbi la kwatzi linaloshambulia mapafu hutoka katika miamba hii hii, na onyo lisiloeleweka halimkingi mtu. Kwa sababu hizo mhadhara huu unapendekeza mambo matatu. Istilahi za jiolojia zipimwe kwa kigezo cha mtendaji na mtendwa kabla ya kusanifiwa. Maneno ya wachimbaji wa Geita, Mererani na Mahenge yakusanywe na kuwekwa katika kamusi pamoja na ya vitabuni, kwa kuwa mengi yao yameshapimwa na hasara. Tatu, maana za sokoni zisifutwe, bali zioneshwe kando ya maana za kitaaluma, kila moja ikitajwa mahali inapotumika.

Kiswahili kimeshaonesha kwamba kinaweza kupokea jiwe zito kutoka nje na kulifanya lake. Kilichobaki ni kukitumia kuyasoma mawe yaliyokuwa hapa tangu mwanzo.